Jani lisilooza mtoni: Nani ataulizwa?

Wiki hii naomba tuzungumze juu ya jambo dogo sana, dogo kiasi kwamba baadhi yenu mtashangaa kwa nini limepewa nafasi katika ukurasa huu. Nataka tuzungumze juu ya jani lililoanguka mtoni. Kwetu sisi Waislamu jambo hili halipaswi kuwa geni. Katika Surat al-An'am, aya ya 59, tunafundishwa kuwa hata jani linaloanguka haliko nje ya elimu ya Mwenyezi Mungu (SW). Mawaidha hayo tumeyasikia mara nyingi. Lakini ni wangapi kati yetu tumewahi kujiuliza jani hilo likishaanguka linakwenda wapi? Na kama kuna mtu amelizuia lisifike linakotakiwa kufika, je, mtu huyo ana la kujibu?

Mimi si sheikh, wala si mwanasayansi. Nimelileta swali hili kwa sababu linanihusu mwenyewe, na nimekaa nalo kifuani kwa miaka mingi.

Maji yanayokula

Nimekulia upande wa Kisarawe, jirani na vilima vya Pugu ambako Mto Msimbazi unaanzia, kabla haujateremka kukatiza jiji la Dar es Salaam na kuingia Bahari ya Hindi pale Salender. Nyumbani kwetu kulikuwa na kijito chenye mikuyu pande zote mbili. Sisi watoto tulikuwa tukitumwa maji, na tulipenda kuokota majani yaliyolala chini ya maji. Jani lililokaa muda mrefu lilikuwa limetoboka lote, limebaki mishipa mitupu, mfano wa kofia ya viua iliyoshonwa kwa mkono. Tulikuwa tukiyaanika juu ya mawe na kushindana nani amepata zuri zaidi.

Siku moja nilimuuliza babu ni nani anayeyatoboa yale majani. Akanijibu, "Mjukuu wangu, maji nayo yanakula. Ukiona maji hayali, usiyanywe."

Babu yangu hakusoma shule. Nilicheka, nikadhani ni maneno ya kizee. Ilinichukua miaka zaidi ya ishirini kufahamu kuwa alikuwa amesema kweli.

Saini yangu

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 nilipata kazi ya karani wa stoo katika kiwanda kimoja cha nguo hapa jijini. Sitakitaja, na mambo niyasemayo msomaji asiyabandike kwa kiwanda chochote anachokijua. Kazi yangu ilikuwa ni kuandika kinachoingia na kinachotoka: mapipa ya rangi, magunia ya chumvi, soda kali ya kuoshea vitambaa na wanga wa kukazia nyuzi. Maji yaliyotumika yalikuwa yakitoka kwa mtaro hadi mtoni. Watu wa bondeni walikuwa wakijua tunachapa khanga za rangi gani wiki hiyo kwa kuuangalia mto tu.

Usiku mmoja wa zamu nilimuuliza mzee mmoja wa idara ya rangi, "Mzee wangu, maji haya yanakwenda wapi?"

"Yanakwenda chini, mwanangu. Kila kitu kinakwenda chini."

"Na huko chini si kuna watu?"

Akanitazama, akasema, "Wewe umeajiriwa kuhesabu mapipa au kuhesabu watu?"

Sikumjibu. Lakini kosa langu halikuwa kukaa kimya peke yake. Kila mwisho wa mwezi nilitakiwa kuandika kuwa mifuko kadhaa ya vifaa vya kusafishia maji machafu imetolewa stoo na kutumika. Niliandika, nikatia saini. Mifuko hiyo haikutoka kwa sababu haikuwepo. Nilifanya hivyo kwa muda unaokaribia miaka mitatu. Nilikuwa na mke na mtoto mchanga, na nilijiambia kuwa karatasi haimuumizi mtu.

Kisha siku moja mtaro uliziba, tukapelekwa vibarua na makarani wote kuzibua. Kando ya mtaro kulikuwa na miembe miwili. Nikaingiza koleo kwenye tope, nikatoa rundo la majani ya mwembe. Yalikuwa meusi kama lami, yananuka yai viza, lakini yalikuwa mazima. Hayakuwa na tundu hata moja. Mengine yalikuwa chini kabisa ya tope, kwa maana kwamba yalikuwa ya misimu iliyopita. Nikakumbuka maneno ya babu. Hapa maji yalikuwa hayali.

Kazi isiyoonekana

Baadaye nilipoacha kazi ile nilianza kusoma na kuuliza wanaojua. Nitaeleza kwa ufupi, kwa sababu bila kuifahamu kazi hii hatuwezi kujua nini hasa kimeharibiwa.

Jani likianguka mtoni, katika siku chache za mwanzo maji hunyonya utamu na vitu vyake vyepesi. Kisha huja kuvu, ndugu zake ukungu unaouona kwenye mkate uliolala. Mwaka 1942 mwanasayansi wa Uingereza aitwaye C. T. Ingold alichapisha maelezo ya kuvu wa aina hii wanaoishi kwenye majani yaliyozama mitoni. Mbegu zao nyingi zina umbo la mikono minne, mfano wa nanga ndogo, ili zinapochukuliwa na mkondo zipate kushika jani. Mwaka 1958 akachapisha habari za kuvu hao kutoka Uganda. Kwa hiyo si habari za Ulaya peke yake. Wapo kwetu tangu zamani, ila hatukuwajua kwa majina.

Kuvu hulilainisha jani na kulitia lishe. Jani tupu ni kama ugali mkavu, na kuvu ndiyo mchuzi wake. Hapo ndipo wanapokuja watafunaji: mabuu ya wadudu wa majini na, kwa upande wetu wa Afrika Mashariki, kaa wa maji baridi. Mwaka 2002 watafiti katika vijito vya nyanda za juu za Kenya waliripoti kuwa wadudu watafunaji waliowapata ni wachache, na wakaonyesha umuhimu wa kaa. Utafiti wa baadaye huko huko Kenya ulionyesha kuwa watafunaji wapo wengi na wa aina nyingi kuliko ilivyodhaniwa. Viumbe hawa wakila, hubakisha chembechembe, na chembe hizo huchukuliwa na maji kwenda kulisha viumbe wengine wa chini. Hao huliwa na samaki, na samaki huliwa na ndege na binadamu.

Je, hiki ni chakula cha ziada tu? Hapana. Mwaka 1973 wanasayansi wawili wa Marekani, Fisher na Likens, walipiga hesabu ya kijito kimoja kidogo cha msituni katika jimbo la New Hampshire. Walikuta kuwa karibu nguvu yote inayoendesha maisha ya kijito kile, takriban asilimia 99, inatoka nje ya maji, kwenye msitu unaokizunguka. Kijito cha msituni kinalishwa na miti. Na mkono wa kukilisha ni uozo wa majani.

Mwaka 1980, kule North Carolina, wanasayansi walitia dawa ya kuua wadudu katika kijito kidogo kwa makusudi, ili waone kitakachotokea. Wadudu wakafa kwa wingi. Majani yakachelewa kuoza, na chembe zilizokuwa zikiteremka kulisha sehemu za chini zikapungua sana. Katika miaka ya 1990 watafiti wa eneo hilo hilo walifunika kijito kingine kwa wavu ili majani yasiingie, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 1997. Viumbe wala majani walipungua, na wanaowawinda nao wakapungua pia. Maji yalikuwepo, yakitiririka vile vile, lakini meza ilikuwa tupu.

Kiwanda kinavyofunga kinywa cha mto

Sasa tuangalie uchafu wa viwandani unafanya nini. Wanga wa viwanda vya nguo si sumu, lakini bakteria huufurahia, na katika kuula humaliza hewa ya oksijeni iliyomo majini. Kaa na mabuu hukosa pumzi. Soda kali huyageuza maji yakawa makali, na asidi ya migodini huyageuza upande wa pili. Madini kama zinki, shaba na risasi huwapunguza watafunaji, na kwa upande wa kuvu kuna jambo la kuzingatia. Watafiti wamekuta kuwa mara nyingi kuvu huweza kuvumilia madini hayo na kuendelea kuota juu ya jani, lakini uwezo wao wa kutoa mbegu hushuka mapema zaidi. Yaani ukimtazama leo utasema yu mzima, kumbe uzao wake umekatika. Na kwenye mito inayopokea maji ya migodi, kutu ya chuma hulifunika jani kama sanda, viumbe wasiweze kulifikia.

Ndiyo maana wataalamu wengine hawatosheki na kupima maji kwenye chupa. Huchukua majani makavu, huyapima uzito, huyatia kwenye vifuko vya wavu na kuyazamisha mtoni kwa wiki kadhaa, kisha huyapima tena. Kifuko cha matundu makubwa huruhusu watafunaji, na cha matundu madogo huruhusu kuvu na bakteria tu. Tofauti ya uzito huwaambia ni nani bado anafanya kazi na ni nani ameondoka. Chupa hueleza habari za maji ya siku ile peke yake. Jani hueleza habari za wiki nzima, pamoja na yale yaliyomwagwa usiku wakati mpimaji amelala.

Lakini hapa lazima tuwe waangalifu. Mtu anaweza kudhani kuwa mto unaoozesha upesi ndio mzima. Sivyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012, uliohusisha vijito 100 vya nchi mbalimbali za Ulaya, ulionyesha kuwa majani huoza polepole pale ambapo maji yana rutuba ndogo mno, na huoza polepole vile vile pale ambapo rutuba imezidi mno kwa uchafu. Kasi kubwa ilikuwa katikati. Na kasi yenyewe ikisukumwa na mbolea na kinyesi huweza kuwa ni ulafi, chakula cha msimu mzima kikaliwa kwa siku chache, kisha njaa ikafuata. Nilipoelezwa hayo nilikumbuka mizani inayotajwa katika Surat ar-Rahman. Tumezoea kuifikiria kuwa ni mizani ya dukani na ya nyota za mbinguni. Kumbe mizani ipo hata ndani ya tope.

Wananchi wa Mara walikutana na jambo hili mwaka 2022. Mwezi Machi mwaka huo samaki walionekana wamekufa katika Mto Mara, na kamati iliyoundwa na serikali ikasema kuwa oksijeni ilikwisha kwa sababu ya uozo wa mimea pamoja na kinyesi na mkojo wa mifugo. Watu wengi walikicheka kinyesi cha ng'ombe, na wengi hawakuridhika. Sina nia ya kuamua hapa nani alikuwa sahihi. Ninalosema ni kuwa wengi wetu tulicheka bila kujua kwamba uozo unaweza kulisha mto na unaweza kuunyonga. Mtu asiyejua mto unavyokula hawezi kumhoji mwenye kiwanda, na hawezi kuihoji kamati. Atabaki kucheka au kuamini tu.

Nani aliyedhulumiwa?

Sasa nirudi kwenye swali langu. Nilitia saini ya uongo. Majani ya mwembe hayakuoza. Je, ni nani hasa niliyemdhulumu?

Hoja ya kwanza niliyojitetea nayo ni ya maisha. Kiwanda kile kilikuwa kikilisha mamia ya familia, na yangu ikiwemo. Ukiweka kwenye mizani watoto wanaokwenda shule kwa mshahara wa kiwanda, na upande wa pili ukaweka mabuu wasiojulikana hata majina, nani atasema mabuu wana uzito zaidi? Hoja hii ina nguvu, na anayeidharau hajawahi kukosa kodi ya nyumba. Lakini ina udanganyifu ndani yake. Haikuwa lazima kuchagua kati ya watoto na mabuu. Vifaa vya kusafishia maji viliandikwa vitabuni kuwa vimetumika. Fedha yake ilikwenda mahali. Kilichopimana na mto hakikuwa mkate wa wafanyakazi, bali ni faida ya ziada ya wachache, na sisi wafanyakazi tulitangulizwa mbele kama ngao.

Hoja ya pili ni ya kifiqhi. Nilipokuwa madrasa tulifundishwa kuwa maji huangaliwa rangi yake, ladha yake na harufu yake. Rangi ya nguo si najisi. Maji yakibadilika nayo sana hayafai kutawadhia, lakini nguo ikirushiwa haijanajisika. Basi nilijiambia, kama si najisi, kosa liko wapi? Zaidi ya hapo, maji yenye zinki au risasi yanaweza kuwa meupe kabisa, hayana rangi, hayana harufu.

Swali hilo nililipeleka kwa sheikh mmoja baada ya swala ya Ijumaa. Nilimweleza habari ya majani, sikumweleza habari ya saini. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Ndugu yangu, umeniuliza swali la twahara, lakini naona lako si swali la twahara. Lako ni swali la dhulma."

Akanifafanulia. Hukumu za twahara zinamwambia mja ni maji gani asimame nayo mbele ya Mola wake. Hazikuwekwa ziwe kibali cha kumwaga. Sumu si lazima iwe najisi, na kumnywesha mtu sumu iliyo safi ni haramu vile vile. Mtume (SAW) alikataza mtu kukojoa katika maji yaliyotuama, na mwenye kufahamu ataona kuwa hapo analindwa mtumiaji anayekuja baada yako, usiyemjua. Na kanuni ya kutodhuru wala kudhuriana haina kipengele kinachosema "isipokuwa kwa kisichoonekana".

Hoja ya tatu ndiyo iliyonisumbua zaidi. Kaa na kuvu hawana akili wala hawana mashtaka. Hawajui kuwa wamedhulumiwa. Je, asiyejua kuwa ana haki, ana haki? Nimelifikiri jambo hili sana. Katika mafundisho yetu yuko mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia bila chakula. Paka yule naye hakuwa na wakili. Mwanamke yule hakumpiga paka. Alimfungia mlango, akamzuilia riziki. Na mimi saini yangu ilisaidia kufunga mlango. Majani yalikuwepo tele, riziki iliyoteremshwa kwa msimu wake, na walaji walikuwa wamezuiwa kuifikia.

Tena wenye haki si viumbe wale peke yao. Tumezoea kusema jirani ni nyumba 40. Lakini mto una ujirani wake. Jirani wa mtaro wa kiwanda ni mama anayemwagilia mchicha bondeni, na jirani wa mama huyo ni wewe uliyeununua mchicha ule sokoni jioni. Mwaka 1999 watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walichapisha uchunguzi wao juu ya madini mazito katika mboga za majani zilizolimwa kandokando ya Mito Sinza na Msimbazi. Kwa hiyo yale madini tuliyodhani tumeyapeleka "chini" yanapanda juu, yanarudi mezani. Yule mzee wa zamu alisema kila kitu kinakwenda chini. Alisema nusu ya ukweli.

Tusijitoe sisi

Ndugu msomaji, ukifika hapa pengine unawalaani wenye viwanda. Ngoja kwanza. Mvua kubwa zikianza Dar es Salaam, ni nani anayetapisha choo chake usiku ili kinyesi kiende na mafuriko? Si kiwanda. Ni mimi na wewe, ni mwenye nyumba anayeswali safu ya mbele. Sababu tunayoitoa ni ile ile ya kiwandani: gari la kunyonya maji machafu ni ghali, na mvua itasafisha. Na karatasi yetu ni ile ile, isipokuwa sisi hatuandiki. Tunalifanya usiku tukitaraji kuwa hakuna anayeona, wakati tunasoma kila siku kuwa hata jani haliponyoki elimu Yake.

Tofauti iko katika kiasi na katika uwezo. Kiwanda kinamwaga kila siku, kinajua kinachomwaga, na kina fedha za kuzuia. Mwenye nyumba ya vyumba sita Kigogo hana uwezo huo. Dhambi zao si sawa kwa uzito. Lakini mto hauulizi uwezo wa mmwagaji. Oksijeni ikiisha, imeisha.

Sheria ipo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, na inatambua kuwa mchafuzi ndiye anayepaswa kulipa. Lakini najua kwa uzoefu wangu kuwa sheria husimamiwa kwa karatasi, na karatasi hujazwa na watu kama nilivyokuwa mimi. Mkaguzi alipofika kiwandani aliletewa daftari langu. Alisoma, akaridhika, akanywa soda, akaondoka. Hakwenda mtaroni. Kwa hiyo anayedhani kuwa ufisadi wa mazingira unafanywa na wakubwa peke yao, ajue kuwa wakubwa hawawezi kuufanya bila ya makarani.

Toba ya mto

Wanazuoni wametufundisha masharti ya toba: kuacha kosa, kujuta, kuazimia kutorudia, na ikiwa ni haki ya mwingine, kuirudisha au kuomba radhi. Matatu ya kwanza nimejitahidi. La nne ndilo limenishinda. Nitamwomba radhi nani? Yule mama wa mchicha simjui. Kaa wa mto ule hawapo. Nikitoa sadaka msikitini ni jambo jema, lakini je, deni la mtu linalipwa kwa jirani yake?

Baada ya muda mrefu nimefikia rai hii, na mwenye kujua zaidi anisahihishe. Haki ya kiumbe asiyeweza kupokea malipo hulipwa kwa kumrudishia nafasi yake. Habari njema, na hii ni rehema ya Muumba, ni kwamba mito ina subira. Sumu ikikoma na oksijeni ikirudi, mbegu za kuvu huteremka kutoka vijito vya juu ambavyo bado vizima, na wadudu wazima wanaoruka hurudi kutaga mayai. Haiwi kwa siku moja, na madini yaliyozama kwenye tope hukaa miaka mingi. Lakini mlango huweza kufunguliwa, ilimradi huko juu pamebaki kitu cha kuteremka. Ndiyo maana msitu wa Pugu na vijito vyake si mali ya watu wa Kisarawe peke yao. Ni akiba ya mto mzima.

Kwa upande wangu nimeamua mambo matatu. La kwanza ni hili ninalolifanya leo, kusema nilichokificha, ili kijana aliyeko stoo ya kiwanda chochote usiku huu ajue kuwa kalamu yake ina uzito. Akishindwa kukataa hadharani, asiandike uongo. La pili, nyumba ninayoishi haitatapisha choo, hata kama itanibidi kukopa fedha za gari. La tatu, kila ninapokwenda Kisarawe nawachukua wajukuu hadi kijitoni. Mikuyu imepungua, lakini bado ipo.

Mwaka jana mjukuu wangu wa kike aliinama, akaibua jani, akaja mbio kunionyesha. Lilikuwa limetobolewa lote, linapitisha jua. Akaniuliza, "Babu, nani kalila?"

Nilimjibu kama nilivyojibiwa mimi. Kisha nikakaa juu ya jiwe, nikafikiria majani ya mwembe yaliyolala chini ya tope la mtaro ule, meusi na mazima. Kama hakuna jani linaloanguka nje ya elimu ya Mola, basi na yale yanajulikana, moja moja, pamoja na tarehe za saini zangu. Wewe nawe, ndugu yangu, hebu tazama mtaro unaopita nyuma ya nyumba yako au ya kazini kwako, uangalie majani yaliyomo. Yana matundu?

Wabillahi tawfiq.